Kwa nini mashini inakataa kuwaka kisha kubadilisha feni: historia yake

Kuna ulizo moja ambalo watu wanaturudishia kila mara, zaidi walimu, wenye vibanda vya fotokopi na waandishi wa ofisi. Kompyuta ilikuwa inapata moto sana. Fundi akabadilisha feni ya prosesa, akafunga, akawasha. Badala ya kufunguka, mashini ikatoa mlio na kuandika kwa Kiingereza maneno matatu: "CPU Fan Error". Maana yake ni kwamba feni ya prosesa ina kasoro. Kisha ikasimama pale. Fundi akatikisa kichwa na kusema: kadi-mama imekufa.

Hapa kwetu neno hilo ni hukumu nzito. Kadi-mama, ule ubao mpana ambao vipande vyote vya kompyuta vinapachikwa juu yake, hauuzwi katika soko la Mitwaba. Ni lazima mashini itumwe Lubumbashi, zaidi ya kilomita 400, juu ya kamyo, na wakati wa mvua kamyo inaweza kulala njiani siku nyingi. Halafu kuna bei ya kipande chenyewe, pesa za fundi, na pesa za kurudisha. Watu wengi wanaona heri kuiweka mashini pembeni, ifunikwe na kitambaa mpaka ioze.

Lakini angalieni jambo hili: kadi-mama iliyokufa haiandiki kitu. Ile inayoandika kwamba feni ina kasoro imekwisha kuamka, imejipima, imehesabu, na imekataa kwa makusudi. Ilifundishwa kukataa. Mafundisho hayo yana historia ya karibu miaka 80, na mtu akiijua historia hiyo ataweza kutengeneza kasoro hii bila kutuma kitu Lubumbashi.

Tuanzie Februari 1946. Huko Philadelphia, Marekani, ilionyeshwa mbele ya watu kompyuta kubwa iliyoitwa ENIAC. Ilikuwa na taa za elektroniki karibu 18,000, za namna ile iliyokuwa ndani ya redio za wazee wetu, uzito wa tani 30 hivi, na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Wazee waliokuwa na redio za taa wanakumbuka namna sanduku lilivyokuwa na moto ukiweka mkono juu. Zidisheni moto ule mara elfu kadhaa, ndani ya chumba kimoja. Waliotengeneza ENIAC waliweka feni kubwa za kupuliza hewa, na ndani ya kabati zake wakatia vipimo vya joto. Joto likipita kiasi, umeme ulikatika wenyewe. Kwa hiyo kompyuta ile ya zamani kabisa ilijua tayari kusema: hapana, nitaungua, siendelei.

Kisha jambo hilo likasahaulika kidogo, kwa sababu kompyuta zilikuwa ndogo na zikapoa. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta ya mezani ambayo ndiyo mama wa hizi tunazotumia leo. Prosesa yake, Intel 8088, haikuwa na feni yake wala kipande cha chuma juu yake. Ilikaa wazi kwenye ubao, na feni pekee ilikuwa ndani ya sanduku la umeme. Mashini hiyo ililetea watu desturi nyingine ambayo tunaishi nayo mpaka sasa: kila ikiwashwa, kabla ya kufanya kazi yoyote, inajipima yenyewe. Inaangalia kumbukumbu, inaangalia kibodi, inaangalia skrini. Mlio mmoja mfupi ulikuwa na maana kwamba kila kitu ni sawa. Milio ya namna nyingine ilimwambia fundi atafute kasoro wapi. Fundi mzuri aliisikiliza mashini kama vile fundi wa pikipiki anavyosikiliza injini kabla ya kushika ufunguo wowote. Mafundi wengi wa siku hizi hawasikilizi. Wanafungua kwanza.

Moto ulirudi katika miaka ya 1990. Prosesa ni kipande cha silikoni chenye swichi ndogo sana, na kila swichi ikifunga na kufunguka inapoteza umeme kidogo, nao umeme uliopotea unageuka kuwa joto. Intel 8088 ilikuwa na swichi 29,000. Pentium, iliyotoka mwaka 1993, ilikuwa na milioni 3.1, na mwendo wake ulikuwa wa kasi mara nyingi zaidi. Pentium za kwanza zilitoa joto la wati 15 hivi katika eneo la ukucha wa kidole gumba. Ukizishika zikiwa zinafanya kazi ungeungua. Ndipo ikawa kawaida kuweka juu ya prosesa radiateri, kile kipande cha chuma chenye mabawa membamba, na juu ya radiateri feni ya kupuliza.

Niruhusuni hapa neno moja juu ya radiateri, kwa sababu linatuhusu. Nyingi ni za aluminiamu, maana ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Lakini shaba inapitisha joto karibu mara 1.7 kuliko aluminiamu, kwa hiyo radiateri nzuri zina kiini cha shaba pale zinapogusa prosesa, au ni shaba tupu. Sisi ni watu wa shaba tangu zamani sana. Wataalamu waliochimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, mwaka 1957 na 1958, walikuta wafu wamezikwa pamoja na misalaba midogo ya shaba, iliyotengenezwa karne nyingi kabla ya mzungu wa kwanza kufika. Mwaka 1911 tanuru ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi. Kile kipande chekundu unachokiona ukigeuza radiateri ya Pentium 4, fundi wa Sanga angekitambua kwa mkono tu, pasipo kuambiwa.

Tatizo la feni ni kwamba inakufa kimya. Radiateri haina kitu kinachozunguka, haiharibiki. Feni ina kikombe kidogo chenye mafuta, mafuta yanakauka, vumbi linaingia, na siku moja inasimama huku kompyuta ikiwa bado inawaka. Mwenyewe haoni kitu. Yeye anaandika barua yake, na prosesa inaungua chini ya meza. Ndiyo maana, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, watengenezaji wa kadi-mama walianza kuweka kidude cha kuchunga. Feni ikapewa waya wa tatu. Waya wa kwanza na wa pili zinaleta umeme. Ule wa tatu unarudisha habari: feni ikizunguka mara moja, inatuma alama mbili ndogo za umeme kwa kadi-mama. Feni inayozunguka mara 1,200 kwa dakika inatuma alama 40 kila sekunde. Kadi-mama inazihesabu kama vile mama anavyohesabu watoto jioni kabla ya kufunga mlango. Ikikuta hesabu ni sifuri, au ni ndogo kuliko inavyotazamia, inasimamisha kazi na kuandika yale maneno matatu.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri letu. Mashini haioni feni. Inasikia tu alama za waya wa tatu, na kutoka mahali pamoja tu kwenye ubao. Feni inaweza kuzunguka vizuri mbele ya macho ya fundi, ikapuliza hewa mpaka karatasi zikaruka, na kadi-mama bado ikasema feni haipo. Fundi anaona mashini inadanganya. Haidanganyi.

Mwaka 2001 watu wengi walielewa kwa nini uchungaji huo ni lazima. Tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya jaribio moja: kompyuta zinafanya kazi, na mtu anaondoa radiateri juu ya prosesa zikiwa zinawaka. Pentium 4 ilipunguza mwendo wake yenyewe na kuendelea polepole. Prosesa ya AMD ya aina ya Athlon iliungua na kutoa moshi kwa muda mfupi sana, kwa maana wakati ule ulinzi wake haukutosha kwa ajali kama ile. Tangu wakati ule ulinzi wa joto uliendelea kuongezwa ndani ya prosesa zenyewe: ikipata moto inapunguza mwendo, na ikizidi kabisa inajizima. Kwa hiyo kompyuta ya leo ina walinzi wawili, mmoja ndani ya prosesa anayepima joto, na mwingine kwenye kadi-mama anayehesabu mizunguko ya feni. Huyu wa pili ndiye anayetusumbua kisha kubadilisha feni.

Mwaka 2004 mambo yalibadilika tena. Pentium 4 za mwaka ule zilipita wati 100, na Intel ikaleta kiti kipya cha prosesa pamoja na feni ya waya nne. Waya wa nne unaipa feni amri ya kwenda mbio au kupunguza, kulingana na joto. Mwaka huo ndio tulipata pia ile namna ya kufunga radiateri kwa miguu minne ya plastiki inayosukumwa mpaka isikike "tak". Kusema kweli, miguu hiyo imewatesa mafundi wengi kuliko kitu kingine chochote. Mmoja usipoingia vizuri, radiateri inakaa upande, haigusi prosesa sawasawa, na mashini inawaka dakika chache kisha inajizima. Hiyo ni kasoro nyingine, tusiichanganye na ile ya maneno matatu.

Wakati wa kiangazi kilichopita mambo haya yalitufikia redioni. Ninyi mnajua vumbi jekundu la barabara zetu mwezi wa nane. Kompyuta ya kuchanganya sauti ilianza kuzimika katikati ya matangazo, feni yake ikilia kama mbuzi. Tuliita fundi mmoja, akaleta feni nyingine aliyoitoa kwenye mashini ya zamani, akaifunga, na maneno matatu yakatokea. Hukumu ikatoka siku ileile: kadi-mama imekufa, tafuteni pesa.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na sauti za watu. Jamaa zilizotawanyika njiani huja kutaja majina yao, jina la kijiji, jina la mtoto anayetafutwa na nguo aliyokuwa amevaa. Tunarekodi na kurudisha asubuhi na jioni. Siku tatu tulisoma majina kutoka daftari, lakini daftari halina sauti ya mama mwenyewe, na mtoto mdogo anatambua sauti kuliko jina. Mama mmoja aliyefika kutoka upande wa kaskazini alikuja siku mbili mfululizo kuuliza: "Baba mwandishi, sauti yangu imepita?" Ilibidi tumjibu kwamba haijapita.

Siku ya nne alikuja kijana mmoja, yeye mwenyewe ni wa jamaa iliyokimbia, ambaye alijifunza kazi hii Likasi kabla ya kurudi kijijini na kukimbia tena. Hakushika bisibisi. Aliomba tuwashe, akasoma maneno, akauliza: "Baba, feni mpya imechomekwa wapi?" Alimulika taa ya telefoni yake juu ya ubao. Kando ya kila mahali pa kuchomeka feni kuna herufi ndogo nyeupe. Panapohesabiwa pameandikwa CPU_FAN. Penginepo pameandikwa SYS_FAN au CHA_FAN, na hapo ni kwa ajili ya feni za sanduku. Waya wa feni ile ulikuwa mfupi, kwa hiyo ulichomekwa mahali palipokuwa karibu, yaani penginepo. Feni ilipata umeme na kuzunguka, lakini hesabu yake ilikwenda kwenye mlango mwingine. Kijana alipitisha waya chini ya radiateri, akauchomeka mahali pake, na redio ikarudi hewani kabla ya saa sita mchana. Sauti ya yule mama ilipita jioni ileile.

Si kila mara inakuwa rahisi vile. Kuna feni za sokoni zenye waya mbili tu. Hizo hazina waya wa habari, kadi-mama haitazihesabu kamwe, hata zikizunguka kama upepo wa mvua. Mkinunua feni ya prosesa, hesabuni waya kwanza: ziwe tatu au nne. Mashini za Dell na HP zinazotoka Ulaya zikiwa zimetumika, ambazo ni nyingi katika ofisi zetu, mara nyingine zina kichomekeo cha namna yao wenyewe. Feni ya kampuni nyingine hata ikiingia kwa nguvu, mashini itaandika kwamba feni imeharibika. Hapo afadhali kuhamisha mabawa na mota ya feni nzuri kutoka mashini ya kampuni ileile. Tena kuna feni kubwa za kisasa zinazozunguka polepole. Kadi-mama nyingi zinatazamia angalau mizunguko 600 kwa dakika. Feni kubwa inayoanza na 500 ni nzima kabisa, lakini mashini inaihesabu kuwa imekufa.

Na ikiwa kisha kubadilisha feni skrini inabaki nyeusi, hakuna maneno wala mlio, basi fundi alisumbua kitu kingine. Mara nyingi ni kile kichomekeo cha umeme cha waya nne au nane kilicho karibu na prosesa, kinachotolewa ili mkono upite na kusahauliwa. Au kumbukumbu imesukumwa ikalegea. Au, kwa prosesa za AMD zenye miguu midogo chini yake, radiateri ilivutwa kwa nguvu na prosesa ikatoka pamoja nayo, kwa sababu ile pate ya kupitisha joto imekauka ikawa gundi, na miguu miwili mitatu ikapinda. Mafundi wenye uzoefu wanaiacha mashini iwake dakika kadhaa ili pate ilainike, wanazima, wanaondoa umeme, kisha wanazungusha radiateri kidogo kushoto na kulia kabla ya kuiinua. Pate ya zamani inafutwa yote, na mpya inawekwa kidogo, kiasi cha punje ya mchele. Angalieni pia kama radiateri mpya ina karatasi ya plastiki chini yake. Wengi wanaifunga bila kuitoa.

Jambo ambalo ninawaomba msifanye ni kuchoma kadi-mama kwa chuma cha kuunganishia au kuipasha moto eti iamke. Na hapa historia inarudi mpaka mlangoni petu. Zamani vipande vya elektroniki viliunganishwa kwa bati lililochanganywa na risasi, na mchanganyiko ule unayeyuka kwenye digrii 183. Tarehe 1 Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kukataza risasi ndani ya vifaa hivyo. Tangu siku ile viungo vya kadi-mama ni bati zaidi ya asilimia 95, na vinayeyuka kwenye digrii 217 hivi. Chuma cha fundi wa redio za zamani hakifai pale. Kinaweza kuunguza ubao pasipo kuyeyusha kiungo.

Fikirini mwaka huo, 2006. Mwezi wa tano Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha hapa Mitwaba, na maelfu ya jamaa walikuwa bado porini au kwenye makambi, wakiogopa kurudi. Miezi miwili baadaye viwanda vya dunia vilikuwa vinahitaji bati zaidi kuliko zamani kwa ajili ya kompyuta na telefoni. Bati liko chini ya miguu yetu. Wakati wa ukoloni kampuni ya Sermikat ililichimba hapa, na leo vijana wanalichimba kwa mikono, wakilijua kwa jina la kasiterite. Baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010 juu ya madini ya vita, zile lebo zinazofungwa kwenye mifuko zilianza kutumika katika Katanga mwaka 2011. Mchimbaji wa Mitwaba anauza mfuko wa mawe, na miaka michache baadaye kompyuta iliyotumika inamrudia kwa bei ambayo hawezi kuilipa. Kwa hiyo mtu akiniambia kadi-mama itupwe, mimi ninauliza mara mbili.

Limebaki shauri moja ambalo mafundi wanabishana. Ndani ya mipangilio ya kadi-mama, ile inayofunguka ukibonyeza F2 au Delete wakati wa kuwasha, kuna mstari wa kiasi cha chini cha feni. Unaweza kuupunguza kutoka 600 mpaka 300 au 200. Unaweza pia kuchagua "Ignore", yaani kadi-mama isijali tena. Kupunguza kwa sababu ya feni kubwa inayozunguka polepole ni sawa. Kuchagua isijali ni kumfukuza mlinzi kwa sababu anabisha mlango. Prosesa itajilinda, ndiyo, lakini itafanya hivyo kwa kujizima katikati ya kazi, na kwa redio au kituo cha afya hiyo si kitu kidogo. Wengine watasema feni nzuri haipatikani, tufanyeje? Ninawaelewa. Basi kama mmelazimika, mtu mmoja apewe kazi ya kuisikiliza feni kila asubuhi.

Kwetu kiasi kimeachwa 600. Kijana yule alichomoa feni kwa makusudi mbele ya wenzake wanne, akawaonyesha maneno matatu yakitokea, akairudisha. Wawili kati yao sasa wanazunguka kwenye shule wakisafisha vumbi la kompyuta, na burashi yao ni ile ya kupakia rangi, mpya, isiyowahi kuguswa na mafuta.